Nilivyochelewa Kumwosha Dada Somoe

Wenzangu wa soko la Masoko, tangu nirudi kila mmoja wenu ananivuta pembeni ya meza na kuniuliza, "Ilikuwaje, Zuhura?" Nimeshasimulia mara tisa, na mara zote tisa sijafika mwisho. Nikifika Nangurukuru mteja anauliza bei ya khanga, na mimi, Mungu anisamehe, namtajia. Basi nimeandika. Asomaye amsomee mwenzake. Mambo ya tiketi na nauli nayaruka, hayo mnayajua na hayajapungua bei.

Kwanza niwaambie nilikuwa nawahi nini, maana wengi mnadhani nilikuwa nawahi maziko. Makaburini huenda wanaume. Letu sisi linaishia ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba ndiko nilikokuwa nakimbilia. Nilikuwa nawahi kumwosha dada yangu.

Somoe alikuwa na kitu mwilini mwake alichokificha kwa miaka. Alinionyesha mimi peke yangu, huko kwake Rutamba, mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa khanga. Msiniulize ni nini. Nikikiandika hapa nitakuwa nimemvua nguo mbele ya soko zima. Alipomaliza kunionyesha akajifunika, akasema, "Nikifa, unioshe wewe. Wa kumimina maji awepo, lakini atazame ukutani."

Nikasema, "Nitakuosha."

"Sema tena."

Alinijua kwamba mimi ni mtu wa mara mbili. Nikasema tena.

Songo Mnara

Nilikuwa kisiwani na mzigo wa khanga, kama kila mwezi, nimefikia kwa Mwanahawa, mteja wangu wa siku nyingi. Yeye hunipunja, nami humpunja, ndiyo maana tunapendana. Boti ya mashine huondoka pale asubuhi maji yakiwa bado yamejaa. Yakishakupwa, kile kijia cha kati ya mikoko hubaki tope tupu, na boti inakaa juu ya tope kama kuku aliyeatamia mpaka maji yarudi mchana. Ukiikosa ya asubuhi umekosa nusu siku, na hakuna wa kumlalamikia.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mzigo umefungwa, simu ikaita. Bi Tatu.

Bi Tatu ni mtani wetu. Ukoo wao na wetu ni watani tangu kabla ya bibi zetu. Kwa wale wenzangu ambao si watu wa huku: mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukuchukulia kuku, na kukuzika ungali hai, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Bi Tatu alikuwa amemuua Dada Somoe kwa simu mara saba mwaka huu. Lakini huyohuyo mtani ndiye anayepewa kazi ya kupeleka habari ya msiba wa kweli, kwa sababu hakasirikiwi. Ndiye pia anayeshika maiti. Kazi zote hizo mdomo mmoja.

"Mtani!" akasema. "Dada yako kafa. Njoo uchukue mzigo wako."

"Leo kafa saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Mwezi uliopita alikufa Ijumaa, Jumapili akanipigia anataka khanga ya zambarau."

"Mtani, kafa."

"Basi mzikeni. Mimi nitakuja arobaini kula pilau. Na sanda usinunue wewe, utapunja dhiraa."

Akanyamaza. Mtandao wa kule hukatika kila ukikohoa, nikadhani ni mtandao. Nikatia simu kwenye pochi.

"Nani kafa?" akauliza Mwanahawa.

"Dada yangu. Hufa kila mwezi."

Tukacheka, wote wawili, mimi zaidi. Jirani yake mmoja akaja anataka kuona khanga za jozi. Nahodha akaita mara ya kwanza. Nikasema nakuja, nikafungua mzigo. Akaita mara ya pili. Jirani alikuwa ameshika jozi nzuri na alikuwa karibu kukubali bei yangu, mnanijua. Nikapiga kelele kutoka uani, "Nendeni, nitakwenda na ya mchana!" Boti ikaondoka. Jirani hakununua.

Saa tatu simu ikaita tena. Kaka Hamisi, mtoto wa mama mkubwa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umefika wapi?"

"Kufika wapi?"

Nikasikia nyuma yake watu wengi, na sauti ya shoka linapasua kuni. Watu hawapasui kuni nyingi namna ile asubuhi kwa chai.

"Zuhura," akasema, "Tatu hajakupigia?"

Nilishuka mpaka ufukoni nikikimbia, mzigo nimeuacha. Palikuwa na boti ndogo tatu, zote zimelala ubavu kwenye tope. Nikamwendea mwenye moja, nikamwambia nitampa mara mbili ya nauli anisukume mpaka penye maji. Hakucheka. Alinitazama kwa huruma, jambo ambalo sijazoea katika biashara.

"Mama, haya maji siyauzi mimi," akasema. "Ungepatana na mwenyewe."

Nikarudi kwa Mwanahawa, nikakaa. Habari ilishazunguka, wanawake wakaja na pole zao. Waliniletea wali na pweza wa nazi. Nilikula. Wenzangu, mnaweza kunicheka, nilikula vipande sita vya pweza siku aliyokufa dada yangu, kwa sababu sahani ilikuwa mbele yangu na mikono haikuwa na kazi nyingine.

Nilikuwa nafikiri kisima. Mama yetu alifariki mimi sijaanza shule, na Somoe ndiye aliyekuwa akiniogesha pale kisimani Rutamba, ananisugua kwa kumbi la nazi mpaka nalia. Nikilia alikuwa anasema, "Lia, machozi nayo ni maji, hatupotezi kitu." Alikuwa na miaka kumi na mbili. Alinisugua nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu, kila mahali, kisha ananigeuza na kuanza upya. Hili la kufanya kila kitu mara mbili watu hudhani nimelitoa sokoni. Nimelitoa kisimani.

Maji yakarudi saa nane.

Masoko hadi Nangurukuru

Mlioniona nikipita sokoni saa kumi bila kuwasalimu na mkasema nimepata pesa, sasa mnajua.

Gari la Nangurukuru lina nafasi saba na tulikuwa sita. Dereva akasema tunasubiri wa saba. Nikalipa nafasi mbili bila kupunguziwa. Dereva alinitazama akazigeuza noti, akazitazama kwenye mwanga. Hata yeye alijua kuna kitu kimeharibika.

Nangurukuru nilikuta mabasi yote ya kwenda Lindi yameshapita. Wakata tiketi walikuwa wamekaa kwenye benchi wanakula mihogo ya kukaanga. Mmoja akaniambia, "Mama, la mwisho limetoka sasa hivi, hata vumbi halijatua." Nikamwuliza sasa hivi ni lini. Akasema saa tisa. Ilikuwa kumi na moja na nusu.

Nikampigia Kaka Hamisi. Nimepatana bei ya vitu vingi maishani, lakini sikuwahi kupatania maiti.

"Msimwoshe mpaka nifike," nikasema.

"Dada yangu, mwalimu wa msikiti yuko hapa, anasema maiti hawekwi. Tulikuwa tuzike leo alasiri, nimekuombea wewe."

"Niwekee mpaka adhuhuri ya kesho."

"Saa tatu asubuhi."

"Kaka, saa sita."

"Zuhura. Rutamba hakuna barafu. Unataka niseme nini zaidi?"

Akaona ameniumiza, akaongeza kidogo, kama mwenye duka mwenye roho nzuri.

"Saa nne. Ikifika nne hujaonekana, wataosha."

"Nani?"

"Watani, na wanawake wa hapa mtaani. Wapo wengi, usiwe na wasiwasi."

Wapo wengi. Alikuwa ananifariji.

Nilitaka kumwambia waoshe wachache. Nilitaka kumwambia mlango ufungwe. Lakini ukisema waoshe wachache umeshasema kuna kitu, na ukisema kuna kitu, Rutamba nzima itakuja kusaidia. Nikasema, "Nitafika." Nikasema tena, "Nitafika." Hamisi akasema, "Inshallah," kwa sauti ya mtu anayekunja jamvi.

Usiku wa Nangurukuru nauruka. Ulikuwa mrefu, haukuwa na kitu.

Nangurukuru hadi Mingoyo, nilikokuwa siendi

Saa kumi na mbili alfajiri nilipata lori la Fuso lililobeba magodoro kwenda Masasi. Dereva alikuwa Mmakonde wa Newala aitwaye Kasiani, mtu wa makamo, rozari inaning'inia kwenye kioo. Nilipomweleza ninakokwenda alizima redio, akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Pole sana, mama. Panda mbele." Nikauliza nauli. Akasema mfiwa halipi. Na mimi nilikuwa nimeshapanga nianzie wapi kupunguza.

Nikapiga hesabu. Lindi saa tatu, pikipiki mpaka Rutamba lisaa na dakika chache. Saa nne na kidogo. Hiyo kidogo ningewaomba kwa simu. Nikarudia hesabu, ikatoka vilevile. Kwa mara ya kwanza tangu jana nilivuta pumzi hadi chini.

Baada ya Kiranjeranje tukakuta foleni. Mvua ilikuwa imechukua karavati la chini ya barabara, magari yanapita kando, moja moja, yakishuka bondeni kwa woga kama bibi anayeshuka ngazi. Mbele yetu magari kumi na tisa. Nikashuka nikahesabu tena: ishirini, pikipiki ya miguu mitatu nilikuwa sijaiona. Kina mama wa kijiji hicho walikuwa wameshafungua biashara ya foleni, wanauza chai na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi myembamba ya porini, na pilipili yake. Kasiani akanunua mfuko, akanipa nusu.

"Kula, mama. Kilio kinataka nguvu."

"Wewe dada unao?"

"Wanne."

"Wote wazima?"

"Wazima. Wananisumbua."

"Wapigie," nikamwambia. Akacheka kidogo, hakupiga.

Tulitoka pale saa mbili na robo. Bado inawezekana, nikajiambia, kama hatusimami tena. Nikamwambia Kasiani, "Nikisinzia, Lindi niamshe." Akasema bila shaka. Nilikuwa sijafumba macho tangu Songo Mnara. Gari lenye magodoro halina kelele, mzigo wake haugongani. Sikumbuki nilipoegemea mlango.

Nilichokisikia baadaye ni mwanamke anayenadi nyanya. Nikafumbua macho, nikaona njia panda, maduka, malori yamepangana yakielekea bara. Nilipajua. Nilipajua na nikakataa kupajua.

"Hapa wapi?"

"Mingoyo, mama," Kasiani akasema. "Nimesimama nikuulize, Rutamba unashukia wapi?"

"Lindi! Nilikwambia Lindi! Tumeshaipita!"

Uso wake ukabadilika. "Nilikuita, mama. Nilisema, 'Lindi hapa.' Ukaitika, 'Twende.'"

"Nilikuwa nimelala!"

"Ulifumbua macho ukanitazama."

"Uliniita mara ngapi?"

"Mara moja." Akashika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. "Mfiwa amepata usingizi, nikaona kumwita mara ya pili ni ukatili."

Nilitafuta tusi, na mimi sina upungufu wa matusi, nikakosa. Mtu alinihurumia. Nilishuka na mkoba wangu. Akateremka upande wake akakimbia kunizunguka, akanipa mfuko wa ming'oko iliyobaki kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa. Nikaupokea. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano.

Mingoyo hadi njia ya Rutamba

Nilimpigia Hamisi simu pale pale, ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Mtu anayeshughulika na msiba hasikii simu yake.

Kijiweni pale palikuwa na madereva wa pikipiki saba. Nilimchagua aliyeonekana mzee kuliko wote, Bwana Selemani, babu wa wajukuu, kofia ya kufuma imechungulia chini ya helmeti. Akataja bei. Na mimi, wenzangu, nikapatana. Sikukusudia. Mdomo ulianza wenyewe, kama mguu wa kuku aliyekwisha chinjwa. Nikasema nusu. Akasema mama, ni mbali, na mvua imenyesha. Nikaondoka hatua tatu kama kawaida, nikageuka kama kawaida. Tulipokubaliana nikatazama saa. Nilikuwa nimetumia dakika nne. Nimezihesabu tena tangu nirudi nyumbani, ni tano.

Bwana Selemani aliendesha kama mtu aliyebeba mayai ya jirani. Tukapita Lindi, tukaingia njia ya ndani, mikorosho huku na huku, udongo mwekundu umelowa. Kila dimbwi alilipitia kwa bismillahi. Nikamwambia aongeze mwendo. Akasema, "Mama, nikikuangusha tutakuwa na misiba miwili, na mmoja utakuwa wangu." Hoja nzuri. Nilimchukia kwa ajili yake.

Saa sita kasoro robo, tukikaribia kijiji, tukaona watu mbele. Wanaume tupu, wamejaa njia, wanakuja upande wetu kwa ule mwendo wa haraka, sauti zao zinapanda na kushuka kwa pamoja, *la ilaha illallah*. Bwana Selemani akakanyaga breki, akazima injini.

"Shuka, mama. Jeneza."

"Pita pembeni! Mimi nina maiti yangu."

"Maiti hapitwi." Ameshatia stendi, ameshavua helmeti. Akakimbia kwenda kupokea zamu ya kubeba, kama afanyavyo kila mwanamume mwenye kujua thawabu iko wapi.

Nilibaki kando ya njia chini ya mkorosho, mkoba kwapani, mfuko wa ming'oko mkononi. Nikasema kwa sauti, maana hakuna aliyekuwa ananisikia, "Wamekosa saa nyingine ya kuzika?" Nikaanza kuhesabu wabebaji, ili nijue lini watakwisha kupita. Wanne mbele, wanne nyuma. Nikahesabu tena, kuanzia mbele.

Wa pili kushoto alikuwa Kaka Hamisi.

Tulitazamana. Hakusimama, mbeba jeneza hasimami. Aliinua kidevu kidogo kuelekea juu ya bega lake, kule kwenye jeneza, kama mtu anayekutambulisha kwa mgeni. Juu yake palikuwa pametandazwa khanga ya zambarau. Wakapita. Nilihisi upepo wao. Nisingeweza kuwafuata, na hata ningeweza, nilichokuwa nakitaka hakikuwa makaburini tena.

Sijui nilisimama muda gani. Huo sikuuhesabu.

Bwana Selemani akarudi anahema, bega limeingia vumbi, uso una furaha ya mtu aliyefanya jambo jema asubuhi.

"Alhamdulillahi, nimepata zamu. Mwanamke, mwepesi sana, maskini. Haya, mama, panda tukuwahishe."

"Ni dada yangu," nikasema.

Akanitazama. Akatazama njia walikopotelea. Akainua mkono kupangusa vumbi begani, kisha akauacha hewani, hakujua kama inafaa kulipangusa au kuliacha.

Jamvini

Niliingia uani kwa miguu. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye majamvi, masufuria ya ugali na maharage yapo motoni. Watani walikuwa wamekaa mlangoni kama desturi, wamefunga njia kwa ufagio. Mmoja akaniona, akapiga kigelegele.

"Jamani, mwenye pilau kaja! Umewahi mno, mtani, arobaini bado!"

Uwanja mzima ukacheka. Bi Tatu alikuwa amewasimulia, ni haki yake. Mtani hakasirikiwi. Nilisimama pale, nikijua kwamba inanipasa nijibu, nijibu vizuri, mlango ufunguliwe. Nikafungua mkoba nikatoa khanga moja mpya, nikawapa. Wakafagia njia, nikapita. Na yule aliyenicheka ndiye aliyenikamata nilipoanguka.

Bi Tatu nilimkuta nyuma ya nyumba. Ni mwanamke wa miaka sabini, mdogo, sauti yake inafika soko la tatu. Alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, karibu na mahali palipochimbwa shimo la maji ya kuoshea. Limeshafukiwa. Udongo wake ulikuwa mbichi, umesawazishwa kwa kiganja.

"Nilikwambia," akasema.

"Uliniambia kama siku zote."

"Ningekwambiaje, mtani? Nina mdomo mmoja."

Nikakaa chini. Hatukutazamana.

"Uliosha wewe?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Na wenzangu."

"Wangapi?"

Bi Tatu akainama, akasawazisha tena udongo uliokwisha sawazishwa.

"Mliona?"

"Tuliona maiti wa Kiislamu, tukamsitiri."

"Bi Tatu. Mliona?"

"Hilo la pili unaliuliza kwa nini? Mwosha haulizwi. Ukimuuliza unamtia dhambini, na ukijibiwa umeingia wewe." Akainuka, akajipangusa. "Njoo ule."

Siku tatu nilikaa jamvini. Nilikuwa nawatazama wanawake usoni, mmoja mmoja. Yule anayeinamisha macho nikimtazama, ni kwa sababu ya msiba au kwa sababu aliona? Yule aliyeniongezea sukari kwenye chai bila kuniuliza, ananihurumia kwa kufiwa au kwa lile jingine? Wawili walikuwa wakinong'ona, nikasogea. Walikuwa wanazungumza bei ya ufuta. Mzigo ule tuliubeba mimi na Somoe, watu wawili, na nilijua idadi yake. Sasa sijui tuko wangapi. Hilo ndilo linaloniamsha, kama mnataka kujua kwa nini nafungua meza nikiwa na macho mekundu. Kufa kwake tumeandikiwa. Lakini alikufa akiamini nitamwosha mimi.

Siku ya tatu matanga yakaanuliwa. Baada ya dua, watani hufagia uwanja na kumwigiza marehemu, ili watu wacheke ndipo watawanyike. Bi Tatu akaingia ndani, akatoka amejifunga khanga za Somoe. Akaigiza kikohozi chake. Akaigiza alivyokuwa akipima mchele kwa kibaba, anasawazisha kwa kidole halafu anaongeza punje tano za kukuaga. Akaigiza alivyokuwa anaziba mdomo akicheka. Watu walikuwa hoi.

Kuna namna Somoe alivyotembea miaka yake ya mwisho. Rutamba nzima iliijua ile namna, hakuna aliyejua sababu yake ila mimi. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Tatu, umesahau kutembea kwake! Tembea!"

Bi Tatu akasema, "Miguu yangu mibovu leo," na akarudi kwenye kibaba.

Basi nikajua kwamba aliona.

Alipomaliza kupima mchele usiokuwepo akanigeukia mimi, mkono kiunoni, kichwa kimeinama upande kama dada yangu akikudai jambo. Akasema kwa sauti ile ile ya Somoe:

"Mwosha huoshwa, Zuhura. Na wewe usiyeosha, nani atakuosha?"

Watu wakacheka, wakanigeukia. Mtani akiuliza hujibiwa papo hapo, ndiyo heshima yake. Sina binti, na dada nilikuwa naye mmoja. Nikawatazama wanawake waliokaa jamvini, nikawahesabu. Kumi na wanne. Nikawahesabu tena, sura moja moja, taratibu, kama anayechagua wa kumwosha. Bi Tatu alisimama akisubiri, khanga ya dada yangu begani, mpaka watu wakaacha kucheka.